Ndiyo Isiyo na Jina

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari, si mbali sana na kilima hiki cha Wanyange. Nilipewa kidato cha kwanza. Wanafunzi walikuwa sabini na wawili, na vitabu vya Kiswahili vilikuwa vinne, kimoja kati ya hivyo hakina jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Wiki ya pili nikamwendea mwalimu mkuu ofisini kwake.

"Mwalimu, samahani, vitabu vingine vya Kiswahili vitakuja lini?"

Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mgonjwa: "Mwanangu, bajeti haijaruhusu."

Jibu hilo nimelisikia tangu utotoni. Dawa hakuna kwenye kituo cha afya: bajeti haijaruhusu. Mwalimu hajalipwa: bajeti haijaruhusu. Tunaizungumzia bajeti kama mvua au nzige, kitu kinachoshuka kutoka juu bila kuulizwa. Lakini bajeti haina kinywa cha kuruhusu wala kukataza. Bajeti ni sheria, na sheria hupigiwa kura na watu wenye majina, waliotoka Jinja, Mbale, Kamuli, Butaleja na kwingineko. Niliporudi bwenini usiku ule nilijiuliza swali jepesi: mbunge wa shule ile alisema ndiyo au hapana? Nilitafuta jibu wiki nzima. Sikulipata, na hadi leo sijalipata. Makala haya yanatokana na swali hilo.

Wenzangu katika midahalo yetu wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba wabunge wetu ni walafi na hawana uzalendo, kwa hiyo tuchague watu wema. La pili, ambalo wanafunzi wa siasa wanalipenda zaidi, ni kwamba upinzani ni mdogo mno, kwa hiyo tubadilishe katiba ili bajeti ipite kwa theluthi mbili, chama tawala kilazimike kuwabembeleza wengine. Napinga yote mawili. Jibu la kwanza linasahau kwamba mtu mwema akiingizwa kwenye mchezo wenye kanuni mbaya atacheza vibaya. La pili linataka kubadilisha kanuni, lakini linachagua kanuni isiyofaa. Ugonjwa wetu ni kwamba kura ya bajeti haina mwenyewe.

Tuanze na hesabu. Ibara ya 89 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema maswali bungeni huamuliwa kwa wingi wa kura za wabunge waliopo na wanaopiga kura. Ibara ya 88 inasema akidi ni theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura. Bunge la 11, lililochaguliwa mwaka 2021, lilianza na wabunge 529 wenye haki hiyo. Theluthi yake ni wabunge 177, na wingi wa 177 ni 89. Kwa maneno mengine, katiba inaruhusu sheria ya kugawa matrilioni ya shilingi ipitishwe na watu 89 kati ya 529, yaani karibu mmoja kati ya sita. Sisemi kwamba imewahi kuwa 89 kamili. Ninachosema ni kwamba kwa kawaida hatuwezi kujua walikuwa wangapi, kwa sababu bajeti hupitishwa kwa sauti. Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha sikio lake linaamua. Hakuna kuhesabu wala orodha.

Ongeza hesabu nyingine. Katika Bunge hilo chama cha NRM kilipata wabunge 336, NUP 57, FDC 32, na waliobaki ni vyama vidogo, wabunge binafsi, na wawakilishi 10 wa jeshi. Chama chenye wabunge 336 hakihitaji kura ya mpinzani hata mmoja, wala hakimhitaji ili akidi itimie. Mwishoni mwa 2023 upinzani ulisusia vikao kwa sababu ya wananchi waliopotea, na shughuli za Bunge zikaendelea kama kawaida. Kususa kuna nguvu pale tu ambapo kutokuwepo kwako kunaacha pengo.

Basi mazungumzo ya kweli kuhusu bajeti hufanyika wapi? Hufanyika kwenye kokasi, yaani mkutano wa wabunge wa chama tawala, ambao mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Humo, kati ya 336, wingi ni 169. Watu 169 wakikubaliana, na mnadhimu wa chama akiwabana wengine, wamekwisha kuamua kwa niaba ya 529. Kikao cha Bunge kinabaki kama arusi ambayo mahari ilishalipwa: watu wanavaa vizuri, wanahutubia, wanapiga makofi, lakini hakuna anayetarajia bibi arusi aseme hapana. Upinzani unaandika ripoti ya wachache, ripoti inasomwa, inawekwa mezani, na mezani inabaki.

Kuna na kifungo kingine. Ibara ya 93 inalikataza Bunge kushughulikia mswada au hoja ya kuongeza kodi au kutoza Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa imeletwa kwa niaba ya serikali. Mbunge anaweza kukata, anaweza kulalamika, anaweza kukataa. Hawezi kusimama peke yake akasema, "Ongezeni bilioni moja za vitabu." Kwa hiyo nguvu yake pekee ni kukataa mpaka serikali ibadilishe makadirio yake. Na kukataa kusikoandikwa popote ni kelele tu.

Mtu ataniambia: hayo ni ya siku zote, chama kikubwa hushinda kila mahali. Si kweli, na mfano ni wa hapa kwetu. Mwaka 2012, vituo vya afya vikiwa havina wahudumu na akina mama wakifa wakijifungua, wabunge wa NRM na wa upinzani walisimama pamoja wakakataa kupitisha bajeti mpaka zipatikane karibu shilingi bilioni 40 za kuajiri wahudumu. Spika alikuwa Rebecca Kadaga, mwakilishi wa wanawake wa Kamuli, binti wa Busoga. Mvutano ulifika Septemba. Mwishowe serikali ilisalimu amri. Fedha zilipatikana, wahudumu zaidi ya 6,000 waliajiriwa kwa vituo vya afya vya ngazi ya tatu na ya nne, na daktari wa kituo cha ngazi ya nne akapandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 2.5 kwa mwezi. Kama ulitibiwa na mkunga kijijini baada ya mwaka ule, huenda uliitwa jina lako na mtu aliyeajiriwa kutokana na kura ile.

Kwa nini iliwezekana mwaka 2012? Wabunge wale hawakuwa malaika, na wengi wao tumewalaani kwa mambo mengine. Iliwezekana kwa sababu tatu. Kwanza, walikuwa na muda. Wakati ule bajeti ilijadiliwa baada ya mwaka wa fedha kuanza, huku serikali ikitumia fedha za muda ambazo ibara ya 154 inaruhusu kwa miezi isiyozidi minne. Kila wiki iliyopita iliikaribisha serikali kwenye ukuta. Pili, walikuwa na jambo moja lenye kiasi kinachojulikana, ambalo mwananchi yeyote angelielewa. Tatu, walikataa hadharani. Magazeti na redio vilijua nani yuko upande gani, na mbunge aliyetaka kugeuka alijua kwamba atageuka mbele ya macho ya watu.

Sasa tazama kilichofuata. Aprili 2013 NRM iliwafukuza wabunge wake wanne waliozoea kupinga msimamo wa chama: Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Mohammed Nsereko na Barnabas Tinkasiimire. Chama kilitaka wapoteze na viti vyao. Mahakama ya Katiba ilikubaliana na chama mwaka 2014, na Mahakama ya Juu ikaja kusema mwaka 2015 kwamba kufukuzwa si sawa na kuhama, kwa hiyo viti ni vyao. Haki ilipatikana, lakini funzo lilikuwa limeshafika kwa wengine wote. Mwaka huohuo wa 2015 ikatungwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, inayotaka bajeti iwe imepitishwa kufikia tarehe 31 Mei, kabla mwaka wa fedha haujaanza. Jambo hilo lina faida, nakiri: wizara zinaanza Julai zikijua zina nini. Ila muda wa kuvutana ukafupishwa. Na sisi wananchi tukaletewa kichekesho. Hotuba ya bajeti husomwa Juni, sote tukitega masikio redioni kusikia sukari imepanda au imeshuka, ilhali kura ilikwisha kupigwa Mei. Tunasikiliza mechi ambayo filimbi ya mwisho ilishapulizwa.

Jambo hili lina mzizi wa zamani ambao wanafunzi wengi hatufundishwi. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2001, iliyounda Kamati ya Bajeti na ofisi ya wataalamu wa bajeti bungeni, haikuletwa na serikali. Ulikuwa mswada wa mbunge binafsi. Ulipita katika Bunge la 6, wakati wa mfumo wa Movement, ambapo mbunge alisimama kwa jina lake na si kwa tiketi ya chama. Sitamani mfumo ule urudi. Ulivifunga vyama mikono, na kura ya maoni ya 2005 ilifanya vizuri kuufuta. Lakini ni fedheha kwamba wabunge wasio na vyama walilipatia Bunge meno ya bajeti, na wabunge wenye vyama wameyatumia kutabasamu. Tulirudisha vyama bila kurekebisha kanuni za kura. Tulibadilisha wachezaji, tukamwachia refa aamue magoli kwa kusikiliza kelele za mashabiki.

Matunda ya kura isiyo na jina tumeyaona. Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa korona na watu wa mjini wakingojea unga na maharage, Bunge liliidhinisha bajeti ya nyongeza ya takriban shilingi bilioni 304, na ndani yake mlikuwa na bilioni 10 kwa ajili ya wabunge wenyewe, milioni 20 kwa kila mmoja. Watu walipofoka, kila mbunge alikuwa na hadithi yake: mimi sikuunga mkono, mimi sikuwepo, mimi nilizipokea ili nizirudishe kwa wananchi. Nani angewabishia?

Mei 2024 ilikuwa kubwa zaidi. Bajeti iliyokuwa ikijadiliwa kwa takriban shilingi trilioni 58.3 ilipitishwa ikiwa trilioni 72.1. Trilioni karibu 14 ziliongezwa muda mfupi kabla ya kura. Sehemu kubwa ilikuwa ya kulipa na kuzungusha madeni, na pengine kila shilingi ilikuwa na maelezo. Lakini maelezo hutolewa kabla ya kura, na kwa muda wa kuyasoma. Mwezi uliofuata wabunge watatu walifikishwa mahakamani wakituhumiwa kudai asilimia 20 ya bajeti iliyotarajiwa ya Tume ya Haki za Binadamu. Walikana mashtaka, nami simhukumu mtu. Nasema tu kwamba tuhuma ya namna hiyo inaweza kuzaliwa pale ambapo fedha hugawanywa katika vyumba vidogo na kuthibitishwa kwa sauti kubwa isiyo na mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuna daftari la fedha, tena nene. Daftari la kura ndilo hatuna.

Msiniambie kwamba kuhesabu kura ni jambo gumu. Bunge letu linajua kuhesabu linapotaka. Tarehe 20 Desemba 2017, lilipoamua kuondoa ukomo wa umri wa Rais, majina yaliitwa moja baada ya jingine: 315 wakaunga mkono, 62 wakapinga, wawili wakajizuia. Kila kijiji kilijua mbunge wake alisema nini. Kesi ya kupinga uamuzi huo ilisikilizwa Mbale, Aprili 2018, na hukumu ikasomwa hukohuko Mbale tarehe 26 Julai. Majaji wanne dhidi ya mmoja walibakisha kuondolewa kwa ukomo wa umri, lakini wakafuta kipengele ambacho wabunge walikuwa wamejiongezea muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Watu wa Mbale waliona kwa macho yao kwamba namna ya kupitisha sheria si mambo ya makarani. Mawakili walibishana siku kadhaa juu ya utaratibu, na majaji wakawasikiliza.

Tena si mara moja. Agosti 2000 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria ya kura ya maoni ya mwaka 1999 kwa sababu ya akidi. Mei 2023 ikafuta Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, katika kesi iliyoletwa na wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso, kwa sababu hiyohiyo. Fikiri, ndugu msomaji: mkulima wa miraa amepata haki ya kuuliza kama wabunge walitimia siku sheria yake ilipopitishwa. Mwanafunzi asiye na kitabu hajauliza. Ukomo wa umri unamhusu mtu mmoja baada ya miaka mingi. Bajeti inatuhusu sote kila asubuhi. Kwa nini la kwanza liitiwe majina, na la pili lipigiwe kelele?

Majirani wanatufundisha mambo mawili, la kuiga na la kuogopa. Tanzania huipigia kura bajeti kuu kwa kuita majina. Mbunge anasimama na kusema ndiyo, hapana, au hana uamuzi. Hilo ni la kuiga. Lakini ibara ya 90 ya Katiba yao inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya serikali. Mbunge anayesema hapana anajua kwamba hapana ikishinda, huenda akarudi jimboni kuomba kura upya. Kwa hiyo majina peke yake hayatoshi. Lazima hapana iwe jibu halali na si kosa la kuadhibiwa.

Kenya nao, katika Seneti, wanapiga kura kwa ujumbe wa kaunti katika mambo yanayozihusu kaunti. Lamu yenye watu wachache ina kura moja sawa na Nairobi. Mwaka 2020 maseneta walishindwa mara kwa mara kukubaliana juu ya kanuni ya kugawa mapato, kwa sababu kaunti zilizoogopa kupunguziwa zilikuwa na kura za kutosha kuzuia. Makubaliano yalipatikana Septemba, na zile zilizoogopa hazikupunguziwa. Kanuni ya kura ndiyo iliyowaketisha wakubwa mezani na wadogo. Na Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wa Kenya walikuwa na orodha za waliosema ndiyo. Sishangilii kuvamiwa kwa Bunge wala damu iliyomwagika. Lakini siku iliyofuata Rais Ruto alikataa kuusaini mswada ule. Vijana wetu walipojaribu kuandamana Kampala tarehe 23 Julai mwaka huohuo kupinga ufisadi, walikuwa na hasira ileile, ila hawakuwa na orodha. Hasira isiyo na orodha humpata kila mbunge, na kwa hiyo haimpati yeyote.

Sasa nirudi kwa wenzangu wa theluthi mbili. Wanasema: tukipandisha kiwango, chama tawala kitalazimika kujadiliana. Jimbo la California huko Marekani lilikuwa na kanuni hiyo kwa miaka mingi. Bajeti yake ilihitaji theluthi mbili, na matokeo yake yalikuwa bajeti za kuchelewa, huku wabunge wachache wakishikilia kura zao mpaka wapewe walichotaka. Mwaka 2010 wananchi wenyewe walipiga kura kuifuta, bajeti ikawa ya wingi wa kawaida. Na kwenye Seneti ya Marekani miswada mingi inahitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe. Ndiyo maana serikali yao hufunga ofisi vyama vinaposhindwa kuelewana, kama ilivyofanya kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019.

Hapa kwetu ingekuwa mbaya zaidi. Theluthi mbili ya 529 ni 353. NRM yenye 336 ingehitaji wabunge 17 tu zaidi. Jiulizeni hao 17 wangepatikana vipi. Kwa hoja? Kwa ripoti ya wachache? Katika nchi ambamo bahasha hutangulia hoja, kupandisha kiwango cha kura ni kupandisha bei ya kura. Wenzangu wanataka kumlazimisha mkubwa ajadiliane; mimi naogopa tutamlazimisha anunue. Na bado ndiyo ingekuwa ya sauti, na wale 17 wasingejulikana.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza. Mhadhiri mmoja aliniambia: "Kijana, ukitaka majina yaitwe, unamsaidia mnadhimu wa chama. Leo mbunge muoga anaweza kunyamaza. Kesho ataitwa jina, na atasema ndiyo kwa hofu. Waliofukuzwa 2013 walifukuzwa kwa sababu walijulikana." Hoja hiyo ina uzito, na ilininyima usingizi. Lakini mnadhimu tayari anajua. Yumo ndani ya ukumbi, anawaona walionyamaza na walioondoka kwenda kunywa chai. Usiri wa kura ya sauti haumfichi mbunge kwa chama chake. Unamficha kwa mama aliyempigia kura Buwenge au Nakaloke. Leo mbunge ana bwana mmoja anayemwona na bwana mwingine aliyefumbwa macho. Mtumishi wa namna hiyo atamtii yupi? Mimi naomba tu kitambaa kiondolewe machoni mwa huyu wa pili. Baada ya hapo mbunge apime mwenyewe hofu ya kokasi na hofu ya sanduku la kura.

Tena kura ya mbunge si kama yangu na yako. Mimi nina haki ya siri kwa sababu kura yangu ni yangu. Yake ni ya watu waliomtuma. Anayetumwa sokoni na fedha za watu hana haki ya kuficha alichonunua.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kubadilisha Katiba. Bunge lina mamlaka ya kutunga kanuni zake lenyewe chini ya ibara ya 94. Kwanza, Mswada wa Matumizi na kila bajeti ya nyongeza vipigiwe kura kwa kuita majina, na orodha itangazwe siku hiyohiyo, pamoja na majina ya waliokosekana. Pili, akidi ihesabiwe kabla ya kura na idadi isomwe kwa sauti, ili mtu asingoje mahakama miaka minane kujua kama sheria ilikuwa sheria. Tatu, tarakimu yoyote mpya inayoletwa na serikali ikae mezani siku saba kabla ya kura. Kama trilioni 14 ni za haki, zitavumilia juma moja. Lingefanyika hilo, wachache wangepata kitu ambacho sasa hawana: muda wa kusema, na mashahidi wa walichosema. Na wengi wangelazimika kujadiliana na wapiga kura wao wenyewe, hata kama hawalazimiki kujadiliana na upinzani.

Wahadhiri wetu, na nyinyi wenzangu mtakaokuwa walimu, jambo hili ni letu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda, itumike kwa namna Bunge litakavyoamua kwa sheria. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikifanya kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Hakuna aliyesimama hadharani kusema hapana kwa Kiswahili. Kila mkutano wa Afrika Mashariki tunakisifu. Wakati huohuo, katika mwaka wa fedha 2022/23, mwalimu wa sayansi mwenye shahada alilipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwalimu wa sanaa mwenye shahada kama yake, akiwemo wa Kiswahili, karibu robo ya hizo. Walimu wa sanaa waligoma Juni 2022, wakarudi darasani mikono mitupu. Simwonei wivu mwalimu wa fizikia. Nataka kujua tu nani alisema ndiyo kwa mgawanyo ule. Kiswahili kimepewa sifa kwa majina na kunyimwa fedha bila majina.

Siku ya mwisho ya mazoezi niliandika ubaoni shairi fupi nililolitunga mwenyewe, kwa sababu vitabu havikutosha, na wanafunzi sabini na wawili wakalinakili. Msichana mmoja wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini sisi hatuna vitabu?" Nilikaribia kumjibu kwamba bajeti haijaruhusu. Nikasita. Nikamwambia, "Kuna watu walipiga kura. Sijui ni akina nani." Akaniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyesikia mwalimu akikiri ujinga wake, na akawa na haki.